Nani Atamwoza Dada Yangu

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu, na wakishasema hivyo hujiona wamemaliza maneno. Mimi hunipanda mori. Haya, damu ni nzito kuliko maji. Na maziwa je? Mama alimnyonyesha dada yangu mpaka mtoto akaacha mwenyewe, na meno ya mtoto yule yalimwachia mama makovu ambayo mimi niliyaona tena siku nilipomwosha kumtia sanda. Nani aje aniambie hayo yalikuwa maji?

Nianze na hayo meno, maana ndiyo yaliyoleta yote. Kwetu pwani mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini huitwa kigego. Kigego ni nuksi, walisema wazee, huwamaliza watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Dada yangu alizaliwa Kisauni. Babake alikuwa akipakua shehena Kilindini na alianguka melini akafa, mke wake akiwa mja mzito. Mama mtu akajifungua, akamlea mtoto miezi michache, kisha homa ikamchukua. Msiba haujapoa, meno ya juu yakachomoza. Basi hapo watu wa nyumba ile walipata jawabu la kila kitu. Homa haikuua mtu, wala meli. Waliouawa wameuawa na mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajajua vizuri.

Mwenye nyumba ile alikuwa ami yake, ndugu wa pekee wa babake. Huyo ndiye ninayemwita mimi mtu yule. Mtu yule alimtoa mtoto ndani akamweka kwa kizee mmoja mwisho wa mtaa, awe anapelekewa uji. Uji ukapelekwa. Halafu ukawa unapelekwa siku moja na siku moja haupelekwi.

Babangu alikuwa mkulima wa Likoni, mtu wa minazi na mihogo, mkali wa dini kupita watu wote niliowahi kuwajua. Yeye na yule marehemu wa melini walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, wakachapwa na mwalimu mmoja. Aliposikia mke wa rafiki yake naye amekufa alikwenda Kisauni kuhani. Akatoa pole zake, akala halua aliyopewa, akauliza mtoto yu wapi. Walipomwonyesha alivua koti lake, akamfunga nalo mtoto, akaondoka bila kuaga. Alivuka naye daraja la Nyali kwa miguu, akapita mjini, akapanda feri. Mwanamume mzima mwenye kanzu na kofia, amebeba mtoto anayelia njaa, na wanawake wa feri wanamcheka.

Mama alikuwa hajatoka arubaini yangu. Alikuwa kitandani na mimi kifuani baba alipoingia na lile koti. Mama alinihadithia mara nyingi, na kila mara alianza na harufu ya mtoto, hakuanza na huruma.

"Mnyonyeshe," baba alimwambia. "Mara tano, kila mara ashibe. Akishashiba mara tano ni mwanao kwa sheria, na kwa kuwa ni maziwa ya mke wangu, mimi pia nitakuwa babake."

"Na baada ya hizo tano?"

"Baada ya hizo, upendavyo wewe."

Hapo ndipo utakapowajua wazazi wangu. Baba alikuwa na tano zake. Mama alimweka ziwani, mtoto akamng'ata kwa yale meno mawili mpaka damu ikatoka, mama akapiga ukelele, akambadilisha upande, akaendelea. Majirani walikuja kumwonya. Walimwambia kigego huyu atammaliza binti yako, hutamwona akitambaa. Binti mwenyewe ni mimi. Sasa nimezeeka, sina jino hata moja, la juu wala la chini, na bado wananingoja nife.

Baba alisimama mlangoni akawaambia mambo ya kigego ni ushirikina, na anayeuamini akatubie kwa Mola wake kabla hajaja kuketi kwenye jamvi la nyumba hii. Watu walikasirika, wengine wakaacha kutupitia. Hakujali. Dini yake ilikuwa kama ukuta wa mawe, na kwa mara hiyo sisi tulikuwa upande wa ndani.

Lakini ukuta ni ukuta. Dini hiyohiyo ilisema mtoto wa kulea haitwi kwa jina la mlezi. Kwa hiyo tulikua wawili kwenye kitanda kimoja, tunakula sinia moja, tunapigwa kwa ufito mmoja, na tukiulizwa majina mimi nilikuwa binti wa baba, na yeye alikuwa binti wa mtu aliyekufa Kilindini. Niliona uchungu sana. Watoto wengine walimtania chuoni, nikawa napigana kila wiki. Nilirudi na leso imechanika, mama akinigombeza, na dada yangu akikaa pembeni akishona ile leso polepole bila neno. Yeye hakuwa mtu wa kusema. Mimi nilisema kwa wawili.

Vita vya wazungu vikaja. Wakaweka mizinga kwenye mwamba wa Likoni, tukaambiwa tusiwashe taa za kuonekana baharini, nguo zikaadimika, unga ukawa wa kugawiwa, tena ule wa manjano uliotunyonga matumbo. Mwaka mvua ziliposusa, watu wa mjini walivuka feri na vikapu vitupu kuja kwetu kuomba muhogo. Siku moja katika hao alikuja mtu yule.

Tulikuwa wasichana tunaoanza kujifunga leso vizuri. Hatukuwahi kumwona. Baba alimkaribisha barazani kama vile ni jamaa wa siku zote, akaamuru chakula. Dada yangu, kwa heshima zake, alitoka na birika na bakuli la kunawia, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, ami."

Mtu yule alimtazama mdomoni. Naapa, hakumtazama macho, alimtazama mdomoni. Kisha akavuta mikono yake, akaificha ndani ya kanzu.

"Aje mwengine aninawishe," alisema.

Dada yangu aliinuka, akanipa birika, akaingia ndani. Mimi nikamnawisha mtu yule vizuri sana. Nilimnawisha mikono, nikamnawisha magoti, nikamnawisha kanzu mpaka ikashikana na mapaja. Mama alinifinya ngozi ya ubavuni nusura aing'oe. Mtu yule akala muhogo wetu wa nazi, akauliza nani ameupika, akaambiwa ni mama, akashusha pumzi na kuongeza mwengine. Alipoondoka baba alimjazia kikapu chake, akamwongezea na madafu.

"Mbona wampa?" nilimuuliza baba. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Mbona hukumfukuza?"

"Ni mgeni, ana njaa, na ni ami wa dada yako. Ujinga wake ataulizwa yeye. Kikapu nitaulizwa mimi."

Hayo ndiyo majibu ya babangu. Ukiyasikia leo utasema alikuwa mtu wa Mungu. Mimi nilitaka babangu amshike mtu yule ukosi amtupe barabarani, na hamu hiyo haijanitoka.

Vita vikaisha. Dada yangu akawa mwari, mrefu, mweusi wa kung'aa, na mkono wake wa upishi ukajulikana mpaka Mtongwe. Posa ikaja kutoka kwa watu wema, wakulima kama sisi, mwana wao seremala. Mama wa kijana aliambiwa habari ya kigego na wale wasiokosekana kwenye kila posa. Akaja nyumbani mwenyewe, akamwambia dada yangu acheke. Dada yangu akacheka kwa haya.

"Mimi naona meno juu na meno chini," alisema yule mama. "Yaliyotangulia na yaliyofuata siyajui, sikuwapo." Akafungua kikuba chake cha asumini akamfunga nacho dada yangu nyweleni, na mambo yakawa yamekwisha.

Kumbe hayajaisha. Msichana haozwi hivihivi, lazima awe na walii, mwanamume wa upande wa babake wa kumwoza. Baba mtu amekufa, babu amekufa, ndugu wa kiume hana. Aliyebaki duniani ni mmoja. Niliposikia baba akimwambia mama kwamba kesho atavuka kwenda Kisauni kumwomba mtu yule aje amwoze dada yangu, nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

Sikuwahi kumsemesha baba vile, na sikuwahi tena. Nilimwambia: wewe ndiye uliyembeba, wewe ndiye uliyemfundisha sala, umemuuguza ndui akiwa hana wa kumgusa. Kwani ukisema ni bintiyo, nani atakukatalia? Nani wa Likoni ajuaye?

"Mungu," baba alisema.

"Mungu ajua nani alimtupa!"

"Ajua pia nani ni babake." Hakupandisha sauti. "Sikiza, mwanangu. Sheria imenipa kumwona nywele zake, na kumbusu kichwa, na kumlaza kaburini akinitangulia. Kumwoza haikunipa. Nikimwoza kwa uongo ndoa yake itakuwa ya uongo, na watoto atakaowazaa tuwaite nani? Wataka nimharibie ili roho yako itulie?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hakuna aliyenituma kuzipasua. Mama alinifuata baadaye, akaketi juu ya kinu. Macho yake yalikuwa mekundu. Kuzaa si kazi, alisema, kazi kulea mwana.

Mtu yule alikubali haraka. Kwa nini akatae? Ukiona vyaelea vimeundwa, na yeye hakushika hata tezo, lakini kupanda alitaka awe wa kwanza. Alikuwa na masharti. Binti ya ndugu yake hataozwa kwenye nyumba za watu, ataozwa kwake Kisauni. Atakuja akae kwake siku za kabla ya harusi, atoke kwenye mlango wake, na wageni wajue ametoka ukoo gani. Na yeye kwa kinywa chake ndiye atakayemwoza, mbele ya jamii. Baba alikubali yote. Alirudi na feri ya jioni, akatueleza, akaenda kusali. Mama ambaye alikuwa ameshapaka chokaa kuta za nyumba yetu kwa ajili ya harusi alikaa akizitazama zile kuta.

Nilikwenda na dada yangu Kisauni, kwa kuwa mwari hawezi kwenda peke yake na kwa kuwa hakuna ambaye angenizuia. Tukapewa chumba cha nyuma. Jioni ya kwanza niliomba maji ya kunywa, mke wa mtu yule akaniletea kwenye bilauri. Dada yangu akaletewa ya kwake kwenye kikombe cha bati. Sikujali mpaka asubuhi, nilipokiona kile kikombe kimetundikwa nje kwenye msumari, mbali na vyombo. Na sahani ya bati pia, pembeni, imefunikwa kwa jani la mgomba. Yule mwanamke aliponiona nakitazama alisema kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri ya kunifaa, "Si chuki, mwanangu. Twajikinga tu, tuna wajukuu."

Yaani wamemchukua kwa mama aliyemtia ziwa mdomoni ili waje wamnyweshe kwenye kikombe cha msumarini. Wamwoze kwa jina la ukoo wao na wasinywe alipokunywa. Nilirudi chumbani mbio.

"Tuondoke," nilimwambia dada yangu. "Tuondoke sasa hivi, feri bado iko."

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini? Hujaona kikombe?"

"Nimekiona kabla yako. Ngoja."

Nilimwona mpole, nikamwona mjinga, nikamwambia hivyo, na maneno mengine. Alikuwa anasukwa na somo wake, mwanamke aliyekuja naye kutoka Likoni kumfunza mambo ya ndoa, na alikaa tu na kichwa chake kwenye mapaja ya somo amefumba macho. Nilijiambia huyu ataolewa hivihivi, kimya, kama siku ile aliponipa birika akaingia ndani.

Siku ya nikaha ua ulijaa watu. Walitandika turubai mbele ya nyumba kwa wanaume, pilau ikawa inachemka nyuma. Mama alipofika na wanawake wa Likoni alitaka kuingia kwa bibi harusi, na mke wa mtu yule akamshika bega. "Chumba ni kidogo, cha watu wa ukoo. Ninyi mwatusaidia sana mkikaa na wapishi." Mama, aliyemzaa bibi harusi kwa maziwa yake, akakalishwa penye moshi, akapewa upawa. Na mama akaupokea! Nilimwona kwa dirisha akikoroga, amevaa leso yake mpya, jasho na machozi vimechanganyika, na ninakuambia ningekuwa na kiberiti siku ile Kisauni ingewaka.

Baba naye alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, karibu na viatu.

Kabla ya kuozwa, lazima bibi harusi aulizwe. Mwalimu anayefungisha huja mlangoni na mashahidi wawili, huuliza kupitia pazia. Kwa desturi mwari hajibu. Huona haya, hunyamaza au hulia, na kunyamaza kwake ndiko kuridhia. Mara nyingi hata hawamwachi anyamaze vizuri, mwanamke mmoja wa ukoo hupaza sauti, "Karidhi!" na vigelegele vikapigwa. Mke wa mtu yule alikuwa amekwisha kujiweka tayari karibu na pazia, mdomo wazi.

Mwalimu alikohoa nje. Alimtaja bwana harusi na babake. "Amekuposa kwa sunna ya Mtume. Wamridhia awe mumeo? Na wampa idhini ami yako akuoze?"

"Kari..." alianza yule mwanamke.

"Mume nimemridhia," ilisema sauti kutoka ndani ya ushungi. "Mwozaji sikumridhia."

Vigelegele vikawafia wanawake midomoni. Hata mimi nilinyamaza, na hilo si jambo dogo. Nje mwalimu akasema, "Rudia, binti yangu, mashahidi wasikie."

Alirudia neno kwa neno. Akaongeza, "Nataka niozwe na babangu wa Likoni, aliyenilea. Ikiwa si yeye, siolewi leo."

Mke wa mtu yule alimrukia kumziba mdomo. Sijui nilifanyaje, lakini nilijikuta nimesimama katikati na kifua changu kimegusana na chake, na hakuvuka. Somo alikuja akasimama ubavuni mwangu. Nje habari ilikuwa imefika kwenye jamvi, na tulisikia sauti ya mtu yule ikipaa.

"Ami yake ni mimi! Damu ni yangu!"

"Damu ni yako," mwalimu alisema, "lakini wewe si babake, wala si babu yake. Humwozi bila ridhaa yake. Ukitaka, mfanye huyo bwana wa Likoni wakili wako, aseme kwa niaba yako. Walii aweza kuweka wakili. Ukikataa, jambo hili litakwenda kwa kadhi, na kadhi atakuuliza sababu."

"Sababu!" Mtu yule alikuwa amekwisha kupoteza akili kwa aibu. "Sababu ni huyo kigego! Tangu mwanzo nilisema! Yule huvunja kila nyumba aingiayo!"

Aliyasema mbele ya watu wote, wakwe wamekaa, kwenye nyumba aliyosisitiza kwamba ndiyo kwao. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Baba wa bwana harusi alikuwa amekwisha kusimama anakung'uta kanzu, na nikadhani basi, harusi imevunjika, wamemharibia. Hapo nilimwona babangu akiinuka karibu na viatu. Hakumwendea mtu yule. Alimwendea yule mkwe, akamshika mkono, akamketisha. Kisha akageuka.

"Ndugu yangu," alimwambia mtu yule, "sikutaka hili, na sikumfunza. Lakini mtoto amesema na haki ni yake. Nifanye wakili wako, tumalize, watu wapate kula."

Hata hapo alimwita ndugu yangu! Niliuma kitambaa cha dirisha.

Mtu yule alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumuunga mkono. Watu walikuwa wanatazama jamvi. Pilau ilikuwa inanukia. Mwishowe alitupa mkono, kama anayefukuza inzi, akasema, "Haya, nimemfanya wakili."

Baba alikaa mbele ya bwana harusi, akamshika mkono. Hata wapishi wa nyuma walikuwa wameacha vyungu na kuja pembeni ya nyumba kusikiliza, mama mbele yao na upawa wake unaochuruzika. Nilitega sikio. Nilikuwa na tumaini moja, la kipumbavu pengine: kwamba sasa, baada ya haya yote, baba atasahau ukali wake hata kwa pumzi moja, na atasema binti yangu.

Hakusema. Alisema anamwoza binti wa fulani, akalitaja jina la marehemu wa Kilindini, na jina la babake marehemu, kamili, herufi kwa herufi, kwa uwakala wa ami yake. Alipolifikia lile jina sauti ilimkatika, ikabidi mwalimu amwambie aanze upya. Akaanza upya, akalitaja tena. Bwana harusi akakubali. Mama alipiga kigelegele kule kwenye moshi, kirefu, peke yake, kabla wanawake wengine hawajavuta pumzi.

Niligeuka kwa dada yangu nikiwa nimejaa tele. Nilitaka kumwambia nimefurahi, na nilitaka kumwambia kwamba baba ni jiwe, amepewa nafasi mbele ya dunia nzima na bado amempa mtu mwengine aliyekufa. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ameinua ushungi na amenishika mkono kwa nguvu.

"Amemtaja?" aliniuliza. "Mimi sikusikia vizuri. Amemtaja babangu?"

"Amemtaja," nilisema. "Mara mbili."

Akaanza kulia, kilio cha sauti ambacho sikuwahi kukisikia kwake hata tulipokuwa watoto.

"Siku zote nilizokaa humu ndani sikumsikia mtu hata mmoja akimtaja," alisema. "Ni ndugu yao. Nilimuuliza ami alikuwa mtu gani, akaniambia niache. Nikajua huyu akiniozesha atalimeza jina lake. Babako ndiye pekee amtajaye. Kila Ijumaa alikuwa akinichukua kando tukamwombea kwa jina, na akinihadithia walivyokuwa wakichapwa chuoni. Nilijua yeye hatalikosea."

Sikujua habari za hizo Ijumaa. Nilikaa kwenye nyumba moja naye, kitanda kimoja, na sikujua. Huko nje mtu yule alikuwa anaita aletewe nyama zaidi kwenye sinia lake. Nilimfuta dada yangu machozi kwa ncha ya leso yangu, nikamkaripia asiharibu wanja, nikamfunika ushungi vizuri. Hasira zangu zote nilizotoka nazo Likoni zilikuwa bado kifuani, nzima, na sikujua tena nimtupie nani.